Israfu ya Umeme Misikitini na Majumbani

  

Somo hili lina khabari za jambo ambalo watu wengi hulidhania kuwa ni dogo, nalo ni taa iwakayo chumbani pasipo mtu, na feni izungukayo usiku kucha juu ya mikeka mitupu, na mfereji umwagao maji huku mwenye kutawadha akizungumza na jirani yake. Kila moja katika haya ni kidogo likitazamwa peke yake. Lakini yakikusanywa, hutoka humo mali ya wakfu, na riziki ya watoto, na ugomvi wa majirani. Kwa hiyo yafaa jambo hili lisomwe kwa utaratibu, sehemu baada ya sehemu.

1. MAANA YA ISRAFU

Wanazuoni wameeleza ya kuwa israfu ni kupita mpaka katika jambo ambalo asili yake ni halali, na ubadhirifu ni kutoa mali mahali pasipostahili. Mtu aliyekwisha shiba kisha akaendelea kula hata tumbo likamuuma, huyo amefanya israfu. Na mtu achukuaye chakula kizima akakitupa baharini bila ya sababu, huyo ni mbadhirifu. Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, waja wameruhusiwa kula na kunywa, kisha wakakatazwa kupita kiasi. Katika Sura ya Al-Israi, aya ya 26 na ya 27, wabadhirifu wametajwa kuwa ni ndugu wa mashetani. Na katika Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, waja wema wamesifiwa kwa kuwa watoapo mali hawapiti kiasi wala hawabani, bali hukaa katikati.

Basi mizani ni hiyo ya katikati. Kumwacha mzee aswali katika joto la kaskazi huku feni imezimwa, ati uniti zisipungue, huko si kuhifadhi mali. Huo ni ubakhili. Kuzima taa ya ngazini hata mgonjwa akajikwaa akaanguka, hiyo ni dhara, na dhara haina sifa. Kinachokatazwa ni matumizi ambayo hapana mtu anayenufaika nayo.

Imepokewa katika kitabu cha Ibn Majah ya kwamba Mtume (s.a.w.) alimpita Saad akitawadha, akamkanya kwa kuzidisha maji, na Saad alipouliza kama katika udhu nako kuna israfu, akajibiwa kuwa iko, hata kama mtu yu kando ya mto upitao. Baadhi ya wanazuoni wa hadithi wameisema isnadi yake kuwa ina udhaifu. Lakini maana yake yaungwa mkono na hadithi sahihi ya Anas, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kiasi cha mudi moja ya maji, na akioga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Mudi ni kama kibaba, nacho hakitimii lita moja.

2. KISICHOONEKANA HAKIHURUMIWI

Zamani katika misikiti ya pwani palikuwa na birika la maji, na juu yake kata. Mwenye kutawadha alichota kwa mkono wake, akaona alichokichota, na akaona maji ya birika yakishuka. Vivyo hivyo taa ya mafuta: mwenye nyumba aliyaona mafuta yakipungua, na utambi ukiliwa, na aliyatia mwenyewe kwa fedha alizozitoa mwenyewe. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kumfundisha mtu kuzima taa alalapo. Jicho lilimfundisha.

Umeme ulipoingia, mambo yaligeuka. Jumba la Beit al-Ajaib la Unguja, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ni miongoni mwa majumba ya kwanza ya pwani hii kuwashwa taa za umeme, na watu waliliita jumba la maajabu. Leo ajabu hiyo imo katika kila kibanda chenye waya. Lakini umeme hauna rangi, wala hauna uzito, wala hautoi moshi; wapita ndani ya ukuta bila ya kuonekana, na mita yake imefungwa nje, pengine juu ya nguzo, mahali pasipofikiwa na jicho. Hilo ni pazia la kwanza.

Pazia la pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba mara nyingi awashaye siye alipaye. Msikitini waumini huwasha, na wakfu hulipa. Katika madrasa wanafunzi huwasha, na wazazi huchangishwa. Ofisini karani huwasha kiyoyozi, na mwenye kazi hulipa. Katika nyumba ya kupanga mmoja hupiga pasi usiku, na watano hugawana gharama asubuhi. Mtu yule yule ambaye nyumbani kwake huzima taa kwa ukali, akifika msikitini huiacha ikiwaka, wala si kwa ubaya wa moyo, bali kwa kuwa hapana kitu kimgusacho.

Katika khabari za khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliyetawala kuanzia mwaka 717 mpaka mwaka 720, husimuliwa ya kuwa alikuwa akitazama mambo ya Waislamu kwa taa ya baitul-mali. Na mazungumzo yalipogeuka yakawa ya mambo yake mwenyewe, aliizima taa ile akawasha yake. Mafuta ya kiasi hicho hayakuwa na thamani kubwa. Alichokihifadhi si mafuta, ni mpaka baina ya mali yake na mali ya watu.

3. UMEME UTOKAKO

Wengine husema, Umeme upo, na aliye na fedha na atumie. Hawa wamesahau unakotoka. Umeme wa Tanzania Bara hutoka katika maji ya mabwawa kama Kidatu na Mtera, na bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024, na katika gesi ya Songo Songo na ya Mtwara. Unguja nayo hupokea umeme wake kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Waya wa kwanza ulilazwa mwaka 1980, na uwezo wake ulikuwa kiasi cha megawati 45.

Mwezi wa Mei mwaka 2008 umeme huo ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani kiasi cha mwezi mmoja. Ukakatika tena mwezi wa Disemba mwaka 2009, na haukurejea mpaka Machi mwaka 2010. Katika miezi ile mitatu watu walijua kwamba umeme si taa tu. Pampu zilisimama, na mifereji ikakauka. Wanawake na watoto wakabeba ndoo. Wavuvi na wauza samaki wakakosa barafu. Na mwenye jenereta akachoma mafuta kwa fedha nyingi ili apate saa chache za mwangaza. Mwaka 2010 Pemba ikaungwa na bara kwa waya utokao Tanga, na mwaka 2013 Unguja ikapata waya mwingine mpya wa megawati 100.

Mafunzo yake ni kwamba umeme ni kama maji ya kisima kimoja chenye ndoo nyingi. Kuanzia magharibi mpaka saa nne usiku watu wote huwasha pamoja: taa, televisheni, pasi, na majiko. Saa hizo ndizo mitambo na nyaya hubeba mzigo mkubwa kabisa. Mwenye kuakhirisha kupiga pasi mpaka asubuhi, huyo amewapunguzia wenziwe mzigo, hata kama kiasi cha umeme alichotumia ni kile kile.

4. HESABU YAKE

Hesabu ya umeme ni nyepesi, na kijana wa madrasa aweza kuifanya. Chombo cha wati 1,000 kikiwashwa kwa saa moja hula uniti moja. Basi huzidishwa wati kwa saa, kisha hugawanywa kwa 1,000.

Msikiti wenye feni 10, kila moja wati 70, jumla yake ni wati 700. Zikiachwa baada ya sala ya Isha mpaka Alfajiri, kiasi cha saa 8, huliwa uniti 5.6 kwa usiku mmoja. Kwa siku 30 ni uniti 168. Kwa mwaka mmoja ni zaidi ya uniti 2,000, nazo zote zimepepea mikeka.

Na hapa pana jambo wasilolijua wengi, nalo ni kuwa feni haipozi chumba. Feni humpoza mtu, kwa kuwa upepo hukausha jasho lake. Chumba kisicho na mtu hakipati baridi yoyote kwa feni, bali mota yake huongeza joto kidogo. Kwa hiyo kuiwasha kabla ya watu ili chumba kipoe ni kazi bure.

Taa za zamani za waya, za wati 60, zikiwa 20 na zikiwaka saa 5, hula uniti 6 kila siku. Taa za LED zenye mwangaza ulio karibu na huo ni za wati 9 hivi. Nazo zikiwa 20, kwa saa hizo hizo, hazifiki hata uniti moja. Kiyoyozi kidogo cha chumba hutumia kiasi cha wati 1,000 mashine yake ifanyapo kazi. Na dirisha likiwa wazi hufanya kazi pasipo kupumzika, kwa kuwa chataka kuipoza na njia iliyo nje. Pasi ni wati 1,000 au zaidi, na birika la umeme la kuchemshia maji ni kiasi cha wati 2,000. Ijulikane kwa jumla kwamba chombo kitiacho joto au baridi ndicho kilacho sana, na chombo kitoacho mwangaza au sauti hula kidogo.

Maji nayo ni umeme, kwa kuwa pampu ndiyo iyapandishayo tangini. Mfereji ukitoa lita 6 kwa dakika, na mtu akatawadha dakika mbili bila ya kuufunga, amemwaga lita 12, nazo ni zaidi ya mara 12 ya kipimo cha udhu wa Mtume (s.a.w.). Watu 100 ni lita 1,200 kwa sala moja. Wakitawadha kwa lita mbili mbili, ni lita 200 tu, na pampu hupumzika.

5. NJIA NNE ZA KUWAZOEZA WATU

Ilani ya kuzima taa ikibandikwa ukutani, watu huisoma wiki ya kwanza, na wiki ya pili huwa ni sehemu ya ukuta. Makemeo nayo huleta chuki. Njia zenye kufaa ni zile ziondoazo yale mapazia mawili yaliyotajwa.

Njia ya kwanza ni kuonyesha. Mita na isomwe kila Ijumaa kabla ya khutuba, na hesabu iandikwe ubaoni mahali watu wapitapo: uniti za wiki iliyopita, na uniti za wiki hii, na fedha zake. Katika mtaa wa Twin Rivers, jimbo la New Jersey, nchi ya Marekani, wataalamu walijaribu jambo hili katika miaka ya 1970. Wenye nyumba waliojulishwa matumizi yao karibu kila siku walitumia pungufu kuliko wenzao wasiojulishwa, kiasi cha sehemu moja katika kumi. Hawakupewa chombo kipya, walionyeshwa hesabu tu.

Njia ya pili ni kumkabidhi mtu. Kazi ya watu wote haina mwenyewe. Kila safu ya swichi na iwe na mtu wake ajulikanaye kwa jina: huyu ni wa feni za mbele, huyu ni wa taa za uwanja, huyu ni wa pampu. Akisafiri, na amkabidhi mwingine. Kijana akipewa amana hiyo mbele ya watu huiona ni heshima, na hujifunza uangalizi kabla hajapewa mali kubwa zaidi.

Njia ya tatu ni wakubwa kuanza. Katika nchi ya Japani, mwaka 2005, serikali ilitaka viyoyozi vya maofisi visishushwe chini ya nyuzi 28 wakati wa joto. Mawaziri hawakuishia kutoa amri, bali wao wenyewe walivua makoti na tai, wakaonekana hivyo mbele ya watu, na makarani wakafuata. Na baada ya tetemeko la ardhi la Machi mwaka 2011 na hasara ya mitambo ya umeme, viwanda na majumba makubwa ya upande wa Tokyo yaliamriwa kupunguza sehemu 15 katika mia wakati wa saa za mzigo mkubwa, na jambo likawezekana. Watu wa pwani wana kanzu na msuli, mavazi yaliyokwisha kuvuliwa makoti tangu zamani. Lakini imamu akiondoka huku feni ya mihirabuni inazunguka, hapana maamuma atakayezima yake.

Njia ya nne ni kusahilisha. Swichi kumi zisizo na alama humchosha mwenye nia njema, na ziandikwe. Feni za safu za nyuma zitengwe na za mbele, ili kwa sala ya Adhuhuri yenye safu mbili zisizunguke safu sita. Mifereji iwe na koki zifungazo upesi, na ipandishwe kata kando ya birika kwa apendaye. Na madirisha yafunguliwe. Wazee waliojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wakaweka kuta nene na uwanja wa ndani na mabaraza yenye kivuli, waliyajua ya kusi na ya kaskazi. Na nyumba nyingi za namna hiyo leo zimezibwa madirisha yake kwa makabati, kisha kikanunuliwa kiyoyozi.

6. NYUMBA YA MITA MOJA

Hapa ndipo penye khatari kubwa, kwa sababu msikitini hupotea mali, lakini katika nyumba ya wapangaji huingia dhulma. Vyumba vitano vina mita moja. Mmoja ana friji na televisheni, mmoja ana taa moja tu, na gharama ya LUKU au ya TUKUZA hugawanywa sawa kwa sawa. Mwenye taa moja hunyamaza kwa haya mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili naye hununua hita ya maji, akisema moyoni, Ikiwa nalipa, basi na nitumie. Hivyo kila mmoja hushindana kula fungu la mwenziwe, na wote hulipa zaidi, na salamu hukatika ukumbini.

Dawa yake ni mapatano kabla ya kuhamia. Vyombo vya kila chumba na viandikwe, na fungu lipangwe kwa kadiri ya vyombo, wala si kwa hesabu ya milango. Ikiwezekana, kila chumba kifungiwe mita yake ndogo, na gharama yake yapatikana kwa ugomvi mmoja ulioepukwa. Taa ya ukumbini na ya msalani iwe ya wote, na zamu ya kuizima ijulikane. Mwenye nyumba asijifanye mgeni katika jambo hili, kwa kuwa yeye ndiye aliyeweka mita moja.

Na mwenye kupiga pasi, na apige kanzu zake zote za wiki kwa mara moja, kwa sababu pasi hula umeme mwingi katika kupata moto. Mwenye friji asitie chakula kingali cha moto, wala asiusimamie mlango ukiwa wazi akifikiri atakula nini.

7. MAS-ALA

Suali: Je, yafaa mtu kuchaji simu yake katika soketi ya msikiti? Jawabu: Umeme wa msikiti ni katika mali ya wakfu, na mali ya wakfu hutumiwa kwa lile lililowekewa, na kwa yale yaliyoruhusiwa na msimamizi wake. Basi na aombwe msimamizi. Akiruhusu, hapana neno, na mwenye kutia sadaka katika sanduku amejitoa katika shaka.

Suali: Je, hadithi ya kuzima taa wakati wa kulala ni dalili ya kuhifadhi umeme? Jawabu: Hadithi hiyo ni sahihi, lakini sababu iliyotajwa ndani yake ni kuogopa moto, kwa kuwa panya aweza kuuburura utambi akaiunguza nyumba juu ya watu wake. Si vyema kuipa maana isiyokuwa yake. Israfu ina dalili zake zilizotangulia. Hata hivyo mwenye kuacha pasi katika soketi, au simu ikichajiwa chini ya mto, au vyombo vingi katika waya mmoja mwembamba, hadithi hiyo yamkhusu moja kwa moja.

Suali: Mtu akiwa tajiri na alipa mwenyewe, ana lawama gani? Jawabu: Makatazo ya israfu hayakubagua tajiri na maskini. Fedha ni zake, lakini mzigo anaoutia katika waya wa watu wote saa za magharibi si wake peke yake.

Suali: Fedha zitakazookolewa msikitini zifanywe nini? Jawabu: Na zitangazwe, kisha zipelekwe mahali zionekane, kama vile kutengeneza paa livujalo, au kuvisha mikeka mipya, au posho ya mwalimu wa madrasa. Watu wakiona kwamba swichi waliyoizima imekuwa mkeka wanaousujudia, hawatahitaji kuambiwa mara ya pili.

Wallahu aalam.